Shoga, yule nyoka wa kwenye stetasi yangu

Shoga yangu wa Voi,

Salaam na baada ya salaam, ile voisi yako nimeisikia, dakika nne nzima unapiga kelele ati nimerogwa ndo maana naweka nyoka kwenye stetasi. Sijarogwa. Naandika kwa sababu kwa simu utanikatiza tu, sasa kaa kitako usome.

Ilikuwa alhamisi usiku, tuko huku Oman, mji wa Bidiya, jangwa la mchanga la Wahiba linapoanzia, tumekuja na watoto na wakwe wote, mie natandika mkeka, yule kijana wangu mdogo kainama na tochi ya simu ananiambia mama, mchanga unanitazama. Nikamwambia wacha upuuzi. Nikainama na mie, wallahi kweli, macho mawili kama punje za mtama, hakuna kichwa, hakuna mwili, macho tu yametokeza. Nikapiga ukelele ule wa msibani, mume wangu kaja mbio na koleo la mkaa na angempiga nalo kama si binamu yake, maana yule kazi yake ni kupeleka watalii jangwani, akamdaka mkono akamwambia tulia, huyo dassas, ndo jina la huku la huyo nyoka wa mchangani.

Basi akapitisha vidole chini ya mchanga akamtoa. We! Kumbe kadogo hivyo, rula ya shule na kitu kidogo, rangi ile ile ya mchanga na vimistari vya kahawia mgongoni, na sura yake sasa, macho yako utosini kabisa, si pembeni kama nyoka wengine, kama kachorwa na mtoto wa nasari. Ndo hapo ujanja wake ulipo, anajizika mwili mzima anabaki anachungulia, anangoja mjusi wa usiku apite, akipita tu kamdaka, kamviringisha, anamkaba mpaka pumzi ikate. Sumu hana, huyo ni ukoo wa mabowa, wale nyoka wakubwa wa sinema, sema yeye ni katika wadogo wao. Pua yake bapa kama patasi, ndo jembe lake hilo, na magamba laini yanateleza. Afu binamu akamgeuza, karibu na mkia tukaona vijikucha viwili vidogooo, ati ndo mabaki ya miguu ya nyuma, mababu zake walikuwa wanatembea!

Alipowekwa chini hakukimbia, alizama. Kama kijiko kwenye uji. Mchana mchanga wa juu unaunguza nyayo kwa hiyo yeye anashuka kwenye ubaridi, usiku ndo anapanda.

Jina lake la kisayansi ni Eryx jayakari, nikauliza Jayakar ndo nani, kumbe alikuwa daktari Mhindi aliyefanya kazi kwa Waingereza hapo Muscat, kakaa miaka mingi tangu ile ya 1870 na kitu, kutibu watu hakukumtosha akawa anaokota samaki, nyoka, chochote, anapeleka makumbusho ya London, huko mtaalamu wa nyoka, Boulenger, akamwandika huyu mwaka 1888 akampa jina la daktari. Mbuzi mwitu wa milima ya huku naye ni jayakari, na farasi-bahari mmoja vile vile. Mie nafikiria harufu ya nyumba hiyo tu.

Sasa we unasema nyoka wa Oman hakuhusu. Anakuhusu sana! Huko kwenu kwenye ukame yuko nduguye, Eryx colubrinus, rangi ya chungwa na mabaka ya kahawia, na mie nakuapia ndo yule mliyemuua mwaka jana kwenye mchanga wa kujengea mkasema ana vichwa viwili, kumbe ni mkia tu mfupi, mkadhani kichwa. Huenda alikuwa jike, maana majike yao ni makubwa kuliko madume, na hawa wa kwenu wanazaa watoto hai, hawatagi. Wengi katika jamaa zao wanazaa hivyo, huyu wa Arabuni ndo kaamua kutaga mayai, sijui anamringia nani.

Lakini usije ukamshika shoga, sijasema hivyo. Huku mchangani kuna na yule nyoka wa pembe, naye anajifukia vile vile, huyo ana sumu ya kweli, na gizani mie nitajuaje nani ni nani? Binamu anajua, mie najua kupiga kelele.

Mwambie baba watoto akikuta mwengine amchote na beleshi, amtupe kichakani mbali na nyumba, ila unipigie picha ya uso kwanza, nataka nione macho yake yamekaa wapi. Zile doti mbili za kanga nimempa wifi, anatua Mombasa jumanne, zifuate mapema kabla hajazigawa.

Wako, yule yule