Risala ya kikundi chetu cha elimu ya kuishi pamoja kwa mgeni rasmi kutoka chuo kikuu, Mikindani, Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa chuo mlioongozana nae, mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa mtaa, masheikh na wachungaji, walimu, wazee wetu, wawezeshaji mnaopokea vyeti leo, ndugu wananchi wote, Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na wewe mgeni rasmi tunakushukuru mnoo kwa kukubali kuja, maana tunajua ratiba za chuo zilivyobana, na tunaomba na wewe ujue kwamba huu ni msimu wa salfa, watu wengi saa hizi wako mashambani wanapulizia mikorosho, kwahiyo hawa unaowaona wameacha kazi ya hela kuja kukusikiliza.

Historia yetu ni fupi. Baada ya zile vurugu za 2013 za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam maneno ya huyu mwenyeji na yule wa kuja yalizidi hapa Mtwara, sokoni, kwenye vijiwe vya kahawa, alafu kiwanda cha simenti kikaanza kazi watu wakaja toka kila mkoa, wazee wachache na walimu wastaafu wakaona tusipokaa tukaongea tutaumizana. Wakaanza vikao, tukasajiliwa halmashauri kama kikundi cha kijamii, ndio hivo tukafika hapa.

Mafanikio ni makubwa mgeni rasmi. Tuna katiba, tuna akaunti benki yenye watia saini watatu, tuna viti vya plastiki vyetu wenyewe ambavyo ndivyo mmekalia, tuna spika moja inayochajiwa kwa sola, na leo tunatoa vyeti kwa wawezeshaji wapya ambao wamefundishwa bure kabisa na walimu wetu wa kujitolea. Elimu yetu imeshatoka Mikindani imefika Naliendele, Msangamkuu na hadi vijiji vya njia ya Msimbati. Kwa kikundi ambacho hakijawahi kupata ruzuku hata ya shilingi moja, sisi tunasema hapa Mtwara hakuna kazi ya kujitolea kama hii.

Tulianza na ishu ya makabila na wageni, lakini kadri tunavyokaa na watu tukagundua ubaguzi mkubwa upo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Kuna familia za waliovuka Ruvuma wakati wa vita ya ukombozi ya Msumbiji iliyoanza 1964, wajukuu zao wamezaliwa hapahapa, wamesoma hapahapa, na bado ukitokea ugomvi wa mpaka wa shamba neno la kwanza wanaloambiwa ni rudini kwenu. Kuna mama kiziwi anakuja kliniki anaandikiwa dawa anaondoka hajui anywe mara ngapi. Na kuna watoto wenye ualbino.

Hapa naomba nisimame kidogo. Kwenye kikao kimoja kijijini mzee mmoja alinyanyuka, mtu wa heshima zake, akasema yeye tangu anakua anajua mtu mwenye ualbino hafi, anapotea tu. Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyolelewa. Mwezeshaji wetu, ambae mwenyewe ana ualbino, akamjibu kwa utaratibu, akamtajia makaburi ya babu yake na shangazi yake yalipo, akamwambia mzee ukitaka kesho tuongozane. Kikao kizima kikanyamaza. Alafu akaeleza kwamba ualbino unatoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja anaweza kuwa mweusi tii na bado amebeba vinasaba, kwahiyo baba anaemkimbia mkewe akidai mtoto sio wake anamuonea bure. Baba mmoja alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na baiskeli yake, kikao kilipoisha akabaki, akauliza mafuta ya kupaka mtoto kumkinga na jua yanapatikana wapi. Tukamwelekeza, tukamwambia na kofia pana na mikono mirefu, na kesho yake mwalimu wetu akaenda shule kuongea mtoto akalishwe dawati la mbele kwasababu hawa watoto uoni wao ni hafifu, ubaoni hawaoni, na mwalimu wa darasa siku zote alijua mtoto mvivu.

Hiyo ndio elimu tunayoifanya mgeni rasmi. Haihitaji jengo wala gari, inahitaji mtu anaeaminika afike, akae, arudi tena na tena, na ndio maana ya ombi letu la leo, na ombi ni moja tu.

Tunaomba ruzuku ya chuo.

Mgeni rasmi kwa heshima zote, wewe sio wa kwanza kutoka chuo kusimama kwenye uwanja huu. Aliekutangulia alikuja, tukampokea kwa ngoma, tukamvisha shuka, akasimama hapahapa akasema chuo kimetenga fedha za programu mpya za elimu ya jamii na kikundi cha kwanza kunufaika kitakuwa sisi, watu wakapiga vigelegele, wapo waliorekodi na video bado zipo kwenye simu zao. Tukaambiwa tuandike andiko la kuomba fedha. Tukaandika. Tukaambiwa limepotea tuandike lingine, tukaandika. Alafu simu ikawa haipokelewi. Mwenyekiti wetu wa wakati ule ameshatangulia mbele ya haki, na mpaka anaumwa alikuwa anauliza chuo wamejibu? Hatusemi haya kukuaibisha, tunasema ili ujue unaposema neno leo linaangukia kwenye masikio ya namna gani.

Na baadae tulipofuatilia wenyewe ndio tukaelewa kwanini hatukupata na kwanini kwa masharti yale hatutapata milele. Andiko liwe la Kiingereza. Uwe na usajili wa NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, chini ya ile Sheria ya 2002, usajili wa kikundi wa halmashauri hautoshi. Uwe na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi za miaka 3, na mkaguzi mwenyewe bei yake ni kubwa kuliko hela yote iliyowahi kupita kwenye akaunti yetu. Na lililotuvunja moyo zaidi, fedha mtumie kwanza za kwenu alafu mlete risiti mrudishiwe. Mgeni rasmi, mwenye bodaboda anaempeleka mwezeshaji Msimbati anataka hela yake akishusha, na risiti hana. Anaeweza kutanguliza mamilioni akasubiri kurudishiwa huyo hana shida ya ruzuku. Kwahiyo inatangazwa programu ya elimu ya jamii kuhusu watu wanaoachwa nyuma, na masharti yake yanawaacha nyuma walewale.

Huku nako wanafunzi wenu wanakuja kila mwaka. Tunawapokea vizuri, ni watoto wetu, tunawapeleka kwa familia, wanajaziwa madodoso, akina mama wanalia mbele yao wakieleza mambo ambayo hata ndugu zao hawajui, wanasaini fomu ya ridhaa, wanaondoka. Hatujawahi kuona hata ukurasa mmoja wa majibu. Tunafahamu kazi ya chuo kikuu ni kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii, zile mbili za mwanzo tumezisaidia sana, tunaomba sasa na sisi tuione hiyo ya tatu.

Tunajua tutaulizwa kwanini tusikope ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, ambayo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Ule ni mkopo na ni mzuri kwa mwenye genge au mashine ya kukoboa, hauna riba lakini unarudishwa, sisi tunachotoa hatumuuzii mtu, tutarejesha kwa kipi?

Kwahiyo tunachoomba kinaeleweka. Chuo kifungue dirisha dogo la ruzuku kwa vikundi vya jamii, andiko lipokelewe kwa Kiswahili, usajili wa halmashauri ukubalike, hesabu zikaguliwe na mkaguzi wa ndani wa chuo chenyewe, na fedha itangulizwe kwa awamu, awamu ya pili itoke tukishaleta marejesho ya kwanza. Hapo kwenye marejesho mtubane mnavyotaka, daftari letu la hesabu lipo mezani na yeyote anaruhusiwa kulifungua. Kwa mwaka mmoja tunahitaji shilingi milioni 14 na laki 6. Fungu kubwa kuliko yote ni la mkalimani wa lugha ya alama, maana sasa hivi tunamuazima na nauli yake tunachangishana, akikosekana viziwi wanakuja wanakaa wanatuangalia midomo mpaka mwisho wanarudi nyumbani hawajapata kitu, na hilo linatuuma kuliko yote kwasababu na sisi tunakuwa tumewabagua. Linalobaki ni usafiri na posho ndogo ya wawezeshaji, pamoja na kuchapa vitini, vingine kwa maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Posho ya viongozi hakuna, hatujaiweka. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, kijijini wengi hawajawahi kuisikia, tunataka tuwasomee.

Mgeni rasmi, hatukuombi uahidi leo, na tunaomba hivi tukimaanisha. Usipige hesabu ya makofi ukatamka kitu ambacho kamati huko chuoni haijakaa. Tunaomba majibu ya maandishi kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, yenye muhuri, kama ni ndio iwe ndio na kiasi gani, kama ni hapana iandikwe hapana na sababu yake ili tutafute kwingine tusikae tunasubiri tena.

Andiko letu jipya liko kwenye bahasha ya kaki mbele yako, nakala tatu. Pembeni yake kuna kitabu chetu cha dispachi, tunaomba afisa ulieongozana nae asaini kupokea, aweke jina, cheo, tarehe na namba ya simu inayopokelewa, kabla hatujaingia kwenye chakula.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya kikundi