Kidogo ni dakika ngapi?

Mwanangu,

Huu ni usiku wa tatu naiandika barua hii, na kila penye methali nimeifuta. Uliniambia methali zinakuchosha kwa sababu unaziona kabla hujazielewa: ukisikia haba na haba, kibaba kinakujia mbele ya macho, na wakati wewe bado unakitazama mimi nimeshafika mbali na mazungumzo. Kwa hiyo humu nimejitahidi kuliita kila jambo kwa jina lake, hata usonji wako, yaani autism, ile namna ubongo wako unavyohisi na kuwasiliana tofauti na wengine. Pale niliposhindwa, niulize.

Jumatatu unaanza kazi kwenye stoo ya vipuri huko Nakuru, saa mbili kamili asubuhi, yaani simu yako itaonyesha 8:00. Nimeandika zote mbili makusudi. Ulipokuwa na miaka saba ulilia kutwa nzima kwa sababu saa ya ukutani ilionyesha nane na mimi nikasema ni saa mbili. Ukaniuliza nani mwongo, mama au saa. Nilikukaripia. Hakuna aliyewahi kukueleza kwamba Waswahili tunahesabu saa tangu kunapopambazuka, na saa ya ukutani inahesabu tangu usiku wa manane. Swali lako lilikuwa la haki kabisa.

Na lile jingine: "Kidogo ni dakika ngapi?" Jumapili pale soko la Kibuye, nimefungua robota la mitumba, wateja wamenizunguka, wewe umekaa nyuma yangu umeziba masikio. Nikikwambia subiri kidogo, unauliza. Nikikwambia sasa hivi tunaondoka, unasimama na kuanza kutembea, kwa sababu nimesema sasa hivi. Watu walidhani una kiburi. Ningekwambia tu, "Dakika 20, mpaka yule mama anayechagua magauni aende zake," ungekaa ukazihesabu. Nilikuja kujifunza hivyo ulipokuwa na miaka tisa, na hizo ni Jumapili nyingi sana za kilio ambazo siwezi kukurudishia.

Bibi yako alipokwambia kwamba yeye amekula chumvi nyingi, asubuhi yake tukakuta kopo la chumvi halipo. Ulikuwa umelificha juu ya kabati, kwa sababu ulimsikia muuguzi kliniki akisema chumvi inapandisha presha. Bibi alicheka, kisha akalia. Akaniambia, "Mtoto huyu wanasema hana huruma. Wamwangalie vizuri." Naandika hili kwa sababu huko uendako utasikia mtu akisema wenye usonji hawana hisia kwa wenzao. Wewe una kopo la chumvi la kumjibu, hata kama hutasema kitu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza lote.

Ulipofika miaka minne bado hukuwa na neno lako. Ulikuwa na maneno ya watu. Ulirudia matangazo ya redio, na zaidi ya yote ulirudia sauti ya makanga anayeita abiria wa mtaa wa Kondele: "Kondele, Kondele, Kondele!" Ulisema msikitini, ulisema arusini, ulisema kwa daktari wakati wanakupima masikio, maana walidhani wewe ni kiziwi. Nilikuwa nakufumba mdomo kwa kiganja. Ulipofika miaka sita tulikwenda kituo cha tathmini ya elimu, na mwalimu pale akakaa nawe sakafuni asubuhi nzima, kimya. Ulipoanza Kondele, hakukunyamazisha. Alifungua mlango. Ukatoka nje, ukatulia. Akanigeukia akasema, "Mama, huyu anakwambia anataka kuondoka. Matatu inaita Kondele, watu wanaondoka."

Miaka miwili, mwanangu. Miaka miwili ulikuwa ukiniomba kwa adabu tuondoke mahali palipokuumiza, nami nikikuziba mdomo.

Mwalimu yuleyule ndiye aliyetutengenezea kadi za picha: maji, choo, kula, inatosha. Shangazi yako alipinga, akisema ukizoea kadi hutasema kamwe. Ni hofu ya wazazi wengi, na si ya kweli. Picha hazizuii mtoto kusema, na wengine huwasaidia waanze. Wewe ulianza na "inatosha". Ndilo neno lako la kwanza, na hata sasa ukiniambia inatosha, nanyamaza hapo hapo.

Kilichonichelewesha ni lawama. Upande wa baba yako walisema una jini. Majirani wengine walisema ni chira, kwamba kuna mwiko niliuvunja. Tulizunguka. Kombe nililokunywesha lilikuwa na aya za Kitabu, nililichukua kwa imani, na dua sijaiacha mpaka leo. Ninachojutia ni kuzunguka kule, kwa sababu ilikuwa ndiyo miaka ya kukufundisha njia ya kuwasiliana. Baadaye sana, kwenye mkutano wa wazazi, nilisikia kwamba hata wasomi walitulaumu. Daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, na katika miaka iliyofuata yeye na wengine wakaandika kwamba wazazi wa watoto hawa wana ubaridi. Akina mama wa nchi za mbali waliambiwa mapenzi yao ndiyo yaliyokosekana. Nililia kwa ajili yao kana kwamba nawajua. Kisha mwaka 1977 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa mapacha huko Uingereza: mapacha wa kufanana walishirikiana usonji mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana. Ndipo ilipoanza kuonekana wazi kwamba jambo hili kwa sehemu kubwa lina asili ya kurithi.

Siku ile nilirudi nyumbani nikaishusha picha ya marehemu baba yako ukutani. Mtu aliyekula chakula kile kile kila usiku. Mtu aliyekuwa akitoka nje ya kila arusi na kusimama peke yake karibu na magari. Aliyejua kila boti ya ufuo wa Dunga ni ya nani na imetengenezwa mwaka gani, na asijue la kusema mgeni akimpa mkono. Hakupimwa, kwa hiyo sitasema alikuwa na usonji. Nasema tu kwamba nilikaa na ile picha hadi alasiri, nikamwomba msamaha na yeye.

Dadako anajua hili, na ni haki yako kulijua pia. Alipozaliwa, mtu alinitisha kwamba sindano ya surua ndiyo iliyokuharibu. Nikamnyima dadako ile sindano ya miezi tisa. Akaugua surua, nusura tumpoteze. Maneno yale yalitokana na makala ya daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998. Jarida lililoichapisha liliiondoa mwaka 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Chanjo haileti usonji. Ukimsikia mtu akisema hivyo mbele ya mama mwenye mtoto mchanga, usinyamaze.

Kosa langu kubwa ni la baadaye, wakati tayari nilijua una usonji na nikadhani kazi yangu ni kuuficha. Ulikuwa na miaka 11. Nilikushika kidevu: "Nitazame machoni ninaposema nawe." Ulipofurahi ukatikisa mikono, nikasema weka mfukoni. Nilikufunza kumpa kila mtu mkono na kuuliza habari za nyumbani hata kama hutaki jibu. Ukayaweza yote, kwa kuwa wewe ukifundishwa kitu unakishika. Watu wakaniambia, "Mashallah, amepona." Na mimi nikaipenda ile sifa, nakiri.

Ulipofika kidato cha pili ulirudi kutoka shule siku moja ukaingia chini ya kitanda. Wiki sita hukusema neno. Ulikula ugali mkavu tu. Nilidhani umerudi nyuma, kumbe ulikuwa umeishiwa. Mshauri aliyekuja kutuona alieleza kwamba kuigiza kutwa nzima kunakula nguvu za mtu, mwezi kwa mwezi, mpaka hazibaki hata za kusema. Wiki ya tano ukanipa karatasi. Bado ninayo, nimeiweka ndani ya msahafu. Umeandika: "Nikikutazama sisikii."

Maneno mawili. Nilikuwa nimekulazimisha miaka mitatu kuchagua kati ya kunitazama na kunisikia, na wewe ulinichagulia kunitazama kwa sababu ndiko kulikonifurahisha.

Kwa hiyo huko Nakuru usiigize. Hilo ndilo ninalokuomba, na mengine yote kwenye barua hii yanalifuata. Tazama rafu, tazama sakafu, tazama mikono ya anayesema. Ukitaka kutikisa mikono kwa sababu umeipata beringi iliyotafutwa siku mbili, tikisa. Tajiri wako alikuona mwenyewe siku ya majaribio ukisoma namba za vipuri bila daftari. Anajua alichokiajiri, mwonyeshe na kile unachohitaji ili ukifanye vizuri. Mwombe maagizo kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Mwambie kelele za mashine ya kukatia vyuma zikianza utavaa hedifoni, na kwamba kuzivaa hakumaanishi umekasirika. Mwambie kuwa mabadiliko ya ghafla yanakuvuruga, na kuambiwa jana yake kunatosha.

Kama hujaamua kuwaambia wenzako una usonji, usiwaambie. Ni habari yako, si yangu wala ya tajiri. Lakini kadi yako ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa begi, pamoja na nakala mbili. Na ujue kwamba Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Kuitwa. Yaani hata lile jina walilokuwa wakikuita uwanjani shuleni lilikuwa linakatazwa na Katiba, na hakuna mwalimu aliyelikemea.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi kuliko kelele na umati. Wewe husemi uongo, na hutarajii kusikia uongo. Stoo ni mahali ambapo vitu hupotea. Usitie sahihi kwenye karatasi ya mzigo ambao hujauhesabu kwa mkono wako, hata anayekuomba akicheka, hata akisema ana haraka, hata akikuita rafiki. Rafiki anaweza kusubiri uhesabu. Akikasirika kwa sababu unahesabu, mwandikie dadako jina lake siku hiyo hiyo.

Kuhusu marafiki, sina maarifa makubwa. Kuna mtafiti Mwingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande zote mbili. Kila mmoja anashindwa kumsoma mwenzake, ila anayelaumiwa ni mmoja. Nimeishi hayo miaka 22 kabla sijayasikia. Akija mtu anayejitahidi kukuelewa kama wewe unavyojitahidi kumwelewa, mweke karibu. Hata akiwa mmoja tu, anatosha.

Mambo ya begi. Nakuru ni baridi kuliko Kisumu, hasa Julai, na najua sweta za sufu huziwezi, kwa hiyo nimekutafutia tatu za pamba na lebo zote nimezikata, mpaka uzi wa mwisho. Vikontena vitatu vya chakula ni vile vyenye vyumba, wali usiguse maharagwe. Maji ya visima vya huko yana floraidi nyingi, ladha yake si ya hapa. Usilazimike kuyanywa ukaacha kunywa kabisa, nunua ya madumu yaliyochujwa. Na kwa kuwa njaa huwa huisikii mpaka mikono itetemeke, nimeweka kengele kwenye simu yako: 7:00, 13:00, 19:00. Usizifute.

Safarini utapita Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, Salgaa, kisha Nakuru. Kaa dirishani. Nimeandika majina hayo kwenye kadi ili uyatie alama moja moja.

Sitakupigia simu bila kukuandikia kwanza. Kila siku saa moja jioni, 19:00, nitakutumia ujumbe. Jibu kwa neno lolote, hata alama. Mambo yakikuzidi na maneno yakikataa, andika Kondele. Hilo tu. Usieleze sababu. Nitafunga kibanda na kupanda matatu ya kwanza ninayoipata, na tafadhali usiniulize nitafika baada ya muda kidogo ama mrefu, kwa sababu jibu nimeshalitafuta kwa madereva wa stejini: ni kama kilomita 180, na wanatumia kati ya saa tatu na nusu na saa tano.

Mama yako