Shangazi, nimepokonywa vitambaa vya meza ya Bwana

Shangazi, shikamoo. Bwana asifiwe. Nakuandikia saa tisa za usiku, mwenzangu amelala, mimi usingizi umenikataa. Keshokutwa ni meza ya Bwana tena, ndiyo maana nimeshindwa kungoja.

Vile vitambaa vya meza nilikuwa nikivifua mimi. Miaka sita. Hakuna aliyenituma. Nilivifua kwa mkono, sivichanganyi na nguo za nyumbani, nikivipiga pasi huku naimba. Sasa yule mama wa maombi wa kanisani kwetu akanipokonya mbele za watu. "Acha, hivi havishikwi na kila mkono." Hivyo hivyo alivyosema, na kwaya nzima ikasikia.

Kisa ni kwamba nilimwambia jambo langu. La zamani, la kabla sijaokoka, kabla hata sijaolewa. Sitalitaja, unajua ni la aina gani, wanawake wangapi wamekwisha kukuandikia. Kwa Mungu nililitubu siku ile ile nilipookoka, nikabatizwa, nikaamini limekwisha. Ila tulifundishwa Yakobo 5:16, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi", nami nikamfuata faragha kwa kuwa ndiye anayetuongoza katika maombi. Alilia nami, Shangazi! Alinishika kichwa akaniombea. Wiki mbili baadaye ndiyo akanipokonya.

Usinifikirie vibaya, vitambaa sivitaki tena. Avifue yeye. Nimeshamsamehe, nimelitamka kwa kinywa changu. Lakini angesema basi neno moja mbele ya wale wale waliosikia, maana aibu hakunipa faraghani.

Anasema sina budi kutakaswa kwanza, nifunge siku saba, kwani hata Naamani, yule mwenye ukoma, alijichovya Yordani mara saba ndipo akatakasika. Nikafunga. Nilipomaliza akasema hajapata amani moyoni, nianze upya. Nikamuuliza, mama, Naamani alipotoka majini mara ya saba nyama ya mwili wake si ilirudi kama ya mtoto mdogo? Nani alimwambia arudi tena mtoni? Akasema najibizana na watumishi. Sikujibizana, niliuliza. Walionizoea wanajua mimi si mbishi.

Nimesoma mpaka macho yanauma. Yohana 13, Bwana anamwambia Petro kwamba aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kutawadha miguu. Na yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa sheria ya Walawi 15 kila alichokilalia au kukikalia kilikuwa najisi, na aliyekigusa naye akawa najisi. Akagusa vazi la Yesu, na yeye ndiye aliyepona, akaitwa binti mbele ya umati wote. Mbele ya umati, Shangazi. Sasa mikono yangu ilivinajisi vipi vitambaa, nami nimevifua miaka sita nikiwa mtu yule yule mwenye jambo lile lile? Wote walikula juu yake. Hata yeye alikula. Na juzi nimeviona vina doa la zabibu pembeni, havikulowekwa mapema.

Hata hivyo nikipiga magoti naliombea toba jambo lile lile, kila usiku. Mchana nakuwa na hakika kwamba nimeoshwa, namshukuru Mungu kwa sauti. Usiku nikifika Waebrania 12:14, "na huo utakatifu, ambao hapana mtu atakayemwona Bwana asipokuwa nao", natetemeka, nasema labda yule mama ameona kitu nisichokiona.

Meza mbili zimepita sijashiriki. Mkate ukinifikia naupitisha kwa jirani. Naogopa nisije nikala hukumu ya nafsi yangu, kama Paulo alivyowaonya Wakorintho. Mume wangu akaona. Akauliza, nikasema tumbo. Mara ya pili akauliza, nikasema tumbo. Hii sasa si dhambi ya kabla sijaokoka, ni ya juzi, na sijui naitubuje wakati nimeshaandaa kuirudia.

Yeye hajui lolote. Tulipooana hakuniuliza, nami sikusema, na kunyamazia usiloulizwa si uongo. Au ni uongo? Yule mama anasema utakaso wangu hautakamilika mpaka mume ajue, na kwamba nisipomwambia mimi, basi. Hakumalizia. Mtu akishaungama kwa Mungu akasamehewa, bado analo deni la kuungama nyumbani? Ni mume mwema, hajawahi kuninyanyasa, ndiyo maana naogopa zaidi.

Nilichotaka hasa ni uniambie kama nikaviombe vile vitambaa au niviache. Nijibu upesi, Shangazi. Jumapili nikiupitisha mkate tena ataniuliza, na tumbo nimeshalitaja mara mbili.