Usiufungue Utepe: Barua kwa Mwanangu

Newala, Mtwara
Mwishoni mwa Juni

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima pamoja na mjukuu wangu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi ya alfajiri ambayo mwaka huu imezidi, na kikohozi cha baba yako ambacho huanza kila tunapoingia shambani kuipulizia mikorosho salfa, dawa ya kuzuia ukungu. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu zetu tatu za wiki iliyopita ziliishia mahali pamoja: wewe unaniuliza itakuwaje ukishaacha kazi ya benki ukasomee uuguzi, mimi nakujibu kwamba itakuwa vyema, kisha tunanyamaza wote wawili kwa kuwa kila mmoja wetu anajua kwamba jibu langu halina msingi. Sikulipenda jibu hilo hata nilipokuwa ninalitamka. Ni jibu la mzazi anayetaka mtoto alale, na wewe una miaka 33.

Kwa hiyo nianze na ukweli. Sijui itakuwaje. Sijui kama utakapomaliza miaka mitatu ya stashahada ya uuguzi na ukunga utapata kazi mara moja, au utakaa mwaka mzima ukituma maombi Sekretarieti ya Ajira na kungoja kuitwa kwenye usaili. Sijui kama wodi utaipenda saa tisa za usiku kama unavyoipenda sasa ukiwa mbali nayo. Sijui kama fedha ulizoweka zitakufikisha mwaka wa tatu. Hayo ndiyo uliyoniuliza, na kwa yote jibu langu ni hilohilo moja, na ninataka safari hii tukae nalo bila kulikimbia.

Mjomba wako alikuja Jumapili, akakaa barazani mpaka jua likazama. Unajua kwamba kwetu neno la mjomba si la kupuuzwa, nami sikumkatiza. Alisema kwamba mtu haachi kazi ya benki aliyoifanya kwa miaka tisa ili akaanze kuvaa sare ya mwanafunzi, na kwamba mwenye ajira ya kudumu amekwisha kufika, hana tena safari. Alisema kwa upendo, na machozi yalimlengalenga. Nilimwandalia chai, kisha nikamkumbusha ya korosho. Mwaka wa 2017 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo mnadani, na watu wa nyanda hizi wakaezeka nyumba na kununua pikipiki kwa kuamini kwamba mambo sasa yamenyooka. Msimu uliofuata tulipulizia salfa kama ileile, tukaokota korosho chini ya mikorosho ileile, tukazipeleka chama cha msingi cha ushirika, zikapimwa, tukapewa stakabadhi, na wanunuzi walipotaja bei wakulima wakaikataa. Novemba hiyo Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia vijijini kuzibeba. Mwezi Juni wa mwaka ule hapakuwa na mtu hata mmoja Newala aliyejua kwamba msimu utaishia hivyo, na hali mkorosho ndio tunaouita urithi usio na shaka. Mjomba wako alinyamaza muda mrefu. Hakukubali, lakini alipoondoka aliniachia shilingi 50,000 nikutumie za daftari, na wewe unamfahamu vya kutosha kujua maana yake.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza lote. Unajua kwamba kabla ya kuwa mtu wa kitalu nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha kubangua korosho. Usilolijua ni jinsi nilivyotoka. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Siku moja mashine hazikuwashwa, tukakusanywa uwanjani, tukaambiwa turudi nyumbani tungoje barua za kuitwa kazini. Nilingoja barua hiyo kwa miaka miwili. Kila Ijumaa nilikubeba mgongoni mpaka posta, karani wa posta akawa ananiona mlangoni na kutikisa kichwa kabla sijauliza. Koti langu la kazi, la bluu, lenye mfuko wa kalamu kifuani, nililifua na kulipiga pasi ya mkaa kila mwisho wa mwezi ili siku ya kuitwa nisichelewe kwa sababu ya nguo. Lilichakaa kwa pasi, mwanangu, si kwa kazi. Majirani walinisifu kwamba nina subira, nami nikaipokea sifa hiyo, kumbe sikuwa na subira hata kidogo. Nilikuwa na hofu. Nilihofia kwamba nikishika kazi nyingine nitakuwa nimekiri kwa mkono wangu kwamba ile ya kwanza imekufa.

Aliyenitoa hapo ni jirani yetu mmoja, marehemu sasa, aliyesikia kwamba wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele watafundisha kubebesha miche bora ya mikorosho, akaja kunigongea mlango asubuhi bila kunishauri neno. Alisema tu kwamba gari linaondoka. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimechoka kukataa.

Kubebesha ni kazi ya mikono iliyotulia, nawe uliiona utotoni, ila sidhani kama uliwahi kuitazama kwa karibu. Unachukua mche wenye umri wa kama miezi miwili, unaukata kichwa, unaupasua shina kwa kisu kikali kiasi cha pingili moja ya kidole. Kisha unachukua kikonyo ulichokikata kwenye mkorosho mama unaojulikana kwa uzazi wake, chenye unene wa penseli, unaondoa majani yake, unakichonga ncha pande mbili kama kabari na kukiteremsha ndani ya ule mpasuko mpaka ganda liguse ganda. Halafu unafunga utepe wa nailoni, unaukaza, na kazi ya kisu imekwisha. Kuanzia hapo ni maji, kivuli na siku: wiki tatu, pengine nne, mpaka macho ya kikonyo yafumbuke. Kinachoendelea ndani ya utepe hukioni, wala fundi aliyekufundisha hakioni.

Mara ya kwanza nilibebesha miche 60. Siku ya sita nilishindwa kuvumilia. Nilitoka na taa kabla hakujapambazuka, nikaufungua utepe wa mche mmoja nione kama umeshika. Ulikuwa umeanza kushika. Niliona kwamba pale ganda lilipogusana na ganda, palikuwa na kitu chembamba, cheupe kama uzi wa buibui, na kwa kule kuufungua nikawa nimekikata. Nikafunga upya, lakini baada ya siku chache kikonyo kikakauka. Ungedhani ningejifunza papo hapo. Kesho yake nikafungua mwingine, nikijiambia kwamba safari hii nitakuwa mwangalifu zaidi, na kesho kutwa mwingine. Mpaka mwisho wa mwezi nilikuwa nimeiua miche 19 kwa kuitazama. Ile ambayo sikuigusa, nayo haikushika yote. Ipo iliyokufa ndani ya utepe wake bila kosa la mtu. Lakini mingi ilichipua, na nilipoliona jani la kwanza, jekundu na laini kama sikio la mtoto mchanga, nilikaa chini pale kitaluni nikalia, kwa kuwa ndipo nilipotambua kwamba ile miaka miwili ya posta niliishi hivyohivyo, nikifungua kila Ijumaa kutazama.

Ninakuandikia haya kwa sababu ya jambo ulilonieleza kwenye simu ya tatu. Umesema kila usiku, mtoto akishalala, unachukua daftari na kuzihesabu upya fedha zilezile, na kwamba ukimaliza unasoma simuni mpaka saa nane habari za wauguzi waliokaa mitaani bila ajira. Mwanangu, hesabu ya jana haijabadilika tangu jana. Kuna mambo usiyoyajua ambayo yana mtu wa kuulizwa, na hayo yaulize yote mchana, tena upate majibu kwa maandishi. Umesema riba ya mkopo wa watumishi hubadilika mtu akiacha kazi. Basi nenda ukaandikiwe kiasi utakachokatwa kwa mwezi, usikae ukikisia. Notisi yako ya siku 28 itakapokwisha, usitoke bila cheti cha utumishi, kwa kuwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa haki hiyo. Michango yako ya hifadhi ya jamii kule NSSF haifutiki kwa wewe kuacha kazi, ila taarifa yake uichukue sasa, ungali na watu unaowajua pale. Ada, malazi, gharama za mafunzo kwa vitendo, uliza.

Lakini kama utaajiriwa mwaka utakaohitimu au la, hilo halina ofisi ya kuuliza. Hata hao walioandika habari unazozisoma saa nane za usiku hawalijui lako. Hilo limo ndani ya utepe, na kila unapolifungua unakata kitu kilichokuwa kinaanza kushika, nacho ni usingizi wako, na ile furaha niliyoisikia katika sauti yako mwezi Machi, uliponieleza kwa mara ya kwanza juu ya muuguzi aliyemzalisha dada yako na jinsi alivyokuwa akimsemesha usiku kucha bila kupandisha sauti.

Sikufichi kwamba ningependa ungengoja majina ya waliochaguliwa chuoni yatoke ndipo upeleke barua ya kuacha kazi. Nilikuambia hivyo wakati wake. Barua imekwisha kupelekwa, na sitalirudia tena, leo wala siku mambo yatakapokuwa magumu. Nimemwomba na baba yako asilirudie.

Tena, tafakari kazi yenyewe unayoiendea. Bibi yako aliyenizaa alikuwa mkunga wa jadi, na wewe ulimkuta macho yake yamekwisha kufifia, lakini mimi nilimfuata usiku nikiwa msichana, nikibeba kibatari. Hakuna siku alitoka nyumbani akijua atakachokikuta. Mwingine alijifungua kabla hatujafika, mwingine alituweka siku mbili, na wapo aliowatazama mara moja tu akaagiza wabebwe kwa machela kupelekwa hospitali. Kikapu chake kilikuwa kimepangwa saa zote, kitambaa safi juu, na aliporudi, hata kama ni alfajiri na miguu inamtetemeka, alikipanga upya kabla ya kulala. Kisha alilala usingizi mzito kabisa. Nilidhani ni uzee. Wewe utafundishwa mengi ambayo yeye hakuyajua, utasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, utakuwa na vifaa ambavyo yeye hakuvishika maishani, ila mama atakayeletwa kwako usiku atakuja na saa yake mwenyewe. Benki ilikuzoesha vitabu vinavyofungwa kila jioni hesabu zikiwa sawasawa. Ninaona kwamba miezi hii inayokusumbua imekwisha kuanza kukufundisha kazi mpya kabla hujaingia darasani, na ndiyo maana sikuombei ipite haraka.

Kuhusu mjukuu wangu, tumezungumza mimi na baba yako. Ukiona vyema, alelewe hapa mwaka wako wa kwanza. Shule iko karibu, anaweza kuhamia Januari, na baba yako amekwisha kuanza kumtengenezea kitanda ingawa nimemwambia kwamba hujaamua. Ukiona heri ubaki naye, hatutanung'unika. Ni mtoto wako, na neno ni lako.

Nimefungua lile sanduku la bati chini ya kitanda. Cheti chako cha kidato cha nne kimo, kwenye mfuko wa plastiki niliokitia mwenyewe, hakijaguswa na mchwa wala unyevu. Alama zako za Biolojia na Kemia nimezisoma tena, nikakumbuka ulivyokuwa unasomea jikoni kwa sababu ndiko kulikuwa na mwanga. Chuoni watataka kuona cheti halisi, kwa hiyo nitakikabidhi kwa kondakta wa basi la kesho, nawe umpigie simu likifika Mbagala, Dar es Salaam, ili kisifike stendi bila mwenyewe. Katika mfuko huohuo kuna korosho za kukaanga, ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ambayo uichemshe siku hiyohiyo, na shilingi 50,000 za mjomba wako. Mpigie umshukuru. Usimweleze habari ya ajira, mshukuru tu.

Inakaribia saa kumi na moja. Majani yana umande na upepo bado haujaamka, na hii ndiyo saa salfa inaposhika maua vizuri. Baba yako amekwisha kuvaa barakoa yake na mashine ninaisikia inaunguruma uani.

Mama yako akupendaye