Amelipia picha, kisha anasema tusijisumbue kuichora

Shangazi, shikamoo. Naandika hii adhana ya alfajiri i karibu na jicho sijalifumba. Usinione mtu wa majivuno. Tangu nilipoanguka mkarafuuni msimu wa 2017 nimekula vya watu na sikuona haya. Shingo ilivunjika, mkono nakunja kwenye kiwiko, vidole ndiyo basi tena. Kwa hiyo sadaka naijua, si hiyo inayoniuma.

Linaloniuma ni yule mama wa Muscat aliyeagiza picha ya marehemu mamake, halafu akatuma pesa na ujumbe: "Picha msijisumbue nayo, mimi nimetoa sadaka tu."

Msijisumbue! Na mimi nimeshaichora. Kalamu nafungiwa kiganjani kwa mkanda, mchoro wote unatoka begani, na soksi iliyokatwa naivaa ili ubavu wa kiganja usiguse kioo cha tableti ukatia madoa. Programu ina kitu cha kutuliza mstari. Mkono ukitetema nakipandisha mpaka mwisho, kalamu inatangulia na mstari unaifuata nyuma polepole kama mbuzi anayevutwa. Kwa uso kinasaidia. Kwa kanga hakifai, kona za pindo zinageuka mviringo, basi pindo lote la yule bibi nililichora bila kitulizo, kona kwa kona, nikikosea nafuta narudia. Jina la kanga nililisoma kwenye picha yake ya zamani kwa kuikuza, nusu ya herufi zimefichwa na mkunjo. Na mwili wangu chini ya shingo hautoi jasho, Shangazi. Joto la kaskazi nikikaa na kazi ile naungua kwa ndani mpaka nilowanishiwe kitambaa shingoni. Kisha naambiwa msijisumbue.

Yote yametoka kwenye ile video. Mdogo wangu alinirekodi bila kuniambia, akatia kaswida ya huzuni, akaandika "msaidieni kaka yangu mlemavu apate riziki". Picha yenyewe haionekani! Unaona mkono, unaona mkanda, unaona kiti cha magurudumu. Nilichokuwa nachora hakuna aliyekiona. Sikatai, tangu siku ile oda zinaingia, za maharusi, mabango ya maduka, hata timu ya mpira imetaka nembo. Pempasi zinanunuliwa, mchele upo. Sitaki aifute. Au nataka aifute aweke kazi zangu tupu, bila mkono. Hata sijui. Juzi nilimgusia, akanijibu, "Kaka, hela ni hela, ukitaka kuringa, ringa ushakula." Nikacheka naye.

Nilicheka kwa sababu ndiye anayenibeba chooni. Ndiye anayeamka usiku kunigeuza nisije nikatoka vidonda, na asubuhi anakwenda kuvua. Utagombana vipi na mtu ambaye mkishagombana lazima akuogeshe? Shemeji yangu, mke wa kaka mkubwa, anasema sina shukurani. Ninazo, mpaka zinanikaba. Lakini kazi ni yangu, na jina langu halipo hata pahala pamoja kwenye ule ukurasa wa mtandaoni alikoiweka video, ni "kaka mlemavu" tu, na neno la siri analo yeye. Mtu akiona vile, kwa nini asiseme msijisumbue? Ndivyo alivyoambiwa, kwamba hapa panaombwa.

Picha ninayo, imekwisha. Yule mama sijamjibu. Nikimpelekea ataona namlazimisha, nisipompelekea itakuwa kweli nimeomba. Shemeji anasema nimuuzie mtu mwingine. Atanunua nani picha ya mama wa mtu?

Halafu kuna hili. Mdogo wangu anaoa Mfungo Mosi. Bibi harusi ni wa Unguja na kwao hawataki ahamie huku. Mwenyewe hajanieleza, nimesikia wakizungumza ukumbini wakidhani nimelala. Nikilianzisha sasa suala la video, nitakuwa nimempa sababu ya kuondoka. Nikinyamaza, ataondoka hivyo hivyo, na ukurasa ataondoka nao. Nimwambie sasa au nisubiri harusi ipite, na nianze na lipi, la ukurasa au la nani atakayenigeuza? Usiniambie nimshukuru kwanza. Nimeshamshukuru.