Ndoano ya tela isiyoonekana: tusiangalie bampa tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu hizi ndoano za tela za kujificha. Naona wenye steshenwagoni wengi wakitaka kufunga wanauliza swali moja tu, itaonekana au haitaonekana? Hata mi sipendi gari la familia litokeze chuma nyuma muda wote, kwanza kinakugonga ugoko kila ukifuata mzigo kwenye buti, halafu ukirudi nyuma kidogo tu ukamgusa mwenzako ile gololi, yaani kirungu cha duara ambacho tela linakaa juu yake, ndo inayoingia kwenye grili yake. Ila hilo swali lingekuwa la mwisho jamani.

Ile ya kudumu ni rahisi na haina cha kuharibika, sema ndo hiyo inayotokeza. Ya kukunja inajizungusha ikalala chini ya bampa, raha sana, ila ghali na nzito. Zile za Kimarekani zina tundu la mraba, inchi 1.25 au inchi 2, na tundu lenyewe mara nyingi linabaki linachungulia. Mi niko na ya kuchomoa, hasa ile ambayo shingo, yaani chuma kinachobeba gololi, inaingia kwa kutokea chini, ukishaitoa mtu hajui kama gari lako linavuta kitu.

Sasa kinachofanya kazi ni boriti ya chuma iliyoko nyuma ya bampa, imefungwa kwa bolti kwenye bodi pale kiwanda kilipopaacha kwa kazi hiyo. Bampa lenyewe ni plastiki tu, kwa hiyo mtu akikwambia atachomelea chuma hapo juu juu, washa gari uondoke. Na kama bampa litakatwa, akuchoree kwanza kwa chaki anapokata kabla hajashika msumeno.

Halafu kuna uzito, hapa ndo watu wanachemka. Wote wanajua kuuliza gari linavuta kilo ngapi, wachache sana wanauliza gololi inaruhusiwa kukandamizwa na kilo ngapi, na steshenwagoni nyingi za Ulaya zinaishia kilo 75 mpaka 100 hivi. Wamarekani wanashauri mkandamizo uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, yaani tela la kilo 600 liweke kilo 60 hadi 90, umeona ilivyobana? Ukikwepa kwa kurundika mzigo nyuma ya tela, linaanza kuyumba barabarani na hapo sio mchezo. Kupima ni rahisi, chukua ule mzani wa kupimia mwili, simamisha kipande cha mbao juu yake, tela likiwa limepakiwa na liko sawa na ardhi, kisha laza kichwa chake juu ya mbao usome. Hizo kilo zinahesabika kama mzigo wa gari, na watoto wako nyuma na mabegi yao. Kilo zinazoruhusiwa kwa gari, kwa ndoano na kwa tela zikitofautiana, fuata zilizo ndogo.

Ya kuchomoa inataka usafi, vumbi na kutu vikiingia kwenye tundu shingo haikai vizuri, kwa hiyo kifuniko chake usikipoteze. Aina nyingi zina alama ya kijani na nyekundu na ufunguo hautoki mpaka ijifunge, usivute tela kabla hujaangalia hiyo alama. Na ule mnyororo wa usalama ufungwe kwenye sehemu isiyotoka, ukiufunga kwenye shingo na shingo ikachomoka si vinaondoka vyote?

Waya nazo, gari za siku hizi usikubali mtu aungeunge kwenye taa za nyuma, weka moduli yake, yaani kile kisanduku cha umeme cha kuunganishia taa za tela, la sivyo indiketa zinachanganyikiwa na sensa za kupaki zinapiga kelele tela likiwa nyuma.

Ombi langu kwa wanaotangaza hizi ndoano, pale mnapoandika "haionekani kabisa" wekeni na kilo za gololi.

Msomaji wenu