Mgambo ni akiba ya taifa, na akiba hutunzwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimsemee mgambo. Ukilitamka neno hilo leo katika miji yetu mikubwa, anayemjia msikilizaji kichwani ni mtu mwenye rungu anayepakia meza ya mama lishe kwenye gari la halmashauri. Watoto wa machinga wamekua wakilijua hivyo. Linaniuma, kwa sababu mgambo ninayemjua mimi ni askari wa Jeshi la Akiba.

La mgambo likilia kuna jambo, walisema wahenga. Ni pembe iliyopigwa kuwakusanya watu wa mji palipotokea neno zito. Askari huyu amebeba jina hilo kwa haki: ni mkulima, mvuvi, fundi au mwalimu anayeendelea na shughuli zake mpaka pembe ilie.

Tulifika hapo kwa njia chungu. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo. Siku tano baadaye, nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru ikalazimika kutegemea makomando wa Uingereza kuwanyang'anya silaha askari wake yenyewe. Jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa Septemba 1 mwaka huohuo, na vijana wa chama tawala, TANU, wakaitwa kuwa msingi wake. Mwaka 1965 ikaja sheria ya Jeshi la Akiba. Kisha Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Obote wa Uganda, miezi michache tu baada ya Wareno kuivamia Conakry, mji mkuu wa Guinea, na TANU ikatoa Mwongozo uliosema wazi kwamba ulinzi ni kazi ya umma mzima. Mafunzo ya mgambo yakaenea vijijini na viwandani.

Matunda yake yalionekana 1978. Majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba na kuitwaa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, JWTZ lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Katika majuma machache idadi ikapanda kupita 100,000. Walitoka Polisi, Magereza, JKT, na inakadiriwa kuwa wanamgambo peke yao walikuwa kama 40,000. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sababu na nia zilikuwa za kila Mtanzania. Uwezo ulikuwa kitu cha kuhesabika, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilikuwa watu walioweka jembe chini juzi yake. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima wa pamba. Alishajua kufungua bunduki, kuisafisha na kulenga shabaha kabla Amin hajavuka mpaka, ndiyo maana aliweza kupelekwa mbele upesi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Alirudi salama, akalima hadi uzee wake. Wenzake waliolala Kaboya, wilayani Muleba, tunawakumbuka kila Julai 25, na sidhani kama wanaopita mbele ya makaburi yale hujua kwamba baadhi ya mashujaa wetu wa vita ile walikuwa mgambo.

Mimi nilipitia kozi ya mgambo wilayani kwetu miaka mingi baadaye. Miezi minne ya mchakamchaka alfajiri, kwata, usomaji wa ramani, silaha, ujanja wa porini, huduma ya kwanza na usalama wa raia, chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya na wakufunzi wa JWTZ. Sare tulijinunulia. Siku ya kufunga mafunzo tulipita kwa gwaride mbele ya mgeni rasmi, tukala kiapo, majina yetu yakaandikwa, tukatawanyika.

Sijaitwa tena tangu siku hiyo. Hata kuulizwa kama bado naishi kijiji kilekile, sijaulizwa. Mwaka ambao mafuriko yalikata barabara yetu na watu kukaa juu ya mapaa usiku kucha, sisi tuliofundishwa kubeba majeruhi na kupanga doria tulikuwa kilomita chache kutoka pale. Tulikwenda wachache kwa hiari yetu, bila kiongozi, bila kamba, kila mmoja akifanya alilodhani.

Hapo ndipo shauri langu lilipo. Akiba isiyohesabiwa na isiyorudiwa mafunzo si akiba. Ustadi wa silaha hufifia, miguu huzeeka, watu huhama. Finland, nchi ya watu milioni 5 na nusu hivi, inategemea kuweza kukusanya askari 280,000 wakati wa vita, na walio wengi kati yao ni raia wa kawaida. Inaweza kwa sababu inajua kila mmoja yuko wapi, na huwaita kurudia mazoezi. Hatuhitaji kufika huko. Nisemacho ni siku 10 kwa mwaka, kila wilaya, baada ya mavuno. Silaha zibaki ghalani chini ya jeshi kama kawaida. Najua litaulizwa suala la fedha, na ni swali la haki. Lakini gharama ya kumfundisha kijana miezi minne kisha kumsahau nayo ni fedha iliyopotea.

Kuhusu mijini, naziomba halmashauri ziwatafutie jina jingine wanaosimamia usafi na wafanyabiashara ndogondogo. Katika mji ninaoishi sasa niliwahi kuzungumza na vijana wawili waliovaa magwanda ya kijani wakifukuza wauza matunda. Wote wawili walinijibu kwamba hawajawahi kukanyaga uwanja wa mafunzo ya mgambo. Waliajiriwa kwa kutwa. Na hata aliyehitimu, kiapo chake hakikuwa cha kumwaga nyanya za mtu. Ibara ya 28 ya Katiba inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa. Huo ndio wajibu tulioapia.

Daftari lililoandikwa majina yetu lilikuwa kubwa, la jalada gumu, na karani aliuliza kila mmoja kijiji, kitongoji na jina la balozi wake wa nyumba kumi. Naomba lifunguliwe, majina yasomwe, na walio hai waitwe.

Mgambo mhitimu,
Kanda ya Ziwa